Tarehe Shingoni

Niliandika tarehe kwenye shingo ya kila kifuko
kwa wino usiofutika, kama tuandikavyo wodini:
kimefunguliwa, 14 Machi.
Wifi yangu akacheka. Ramona Quihuis,
fundi bomba wa Tucson, haamini kitu
mpaka akigonge kwa spana.
"Plastiki nayo unaipa cheti cha kuzaliwa?"

Vilikuwa vitatu, vyepesi kuliko leso.
Muuzaji alituapia: havipasuki,
hata gari likivipitia.
Tangu mpaka wa Meksiko tukipanda kaskazini,
hakuna gari lililotupitia.

Cha kwanza kiliugua kwa mkunjo.
Pale ulipokunja jana ndipo unapokunja leo,
mpaka plastiki inakariri:
mstari mweupe, mwembamba,
kama kovu la daktari mwenye mkono mzuri.
Siku ya tisa ule mstari ukatoa jasho.
Nikabandika plasta ya hospitali, na nyingine juu yake,
na ya tatu, kwa ukaidi.

Cha pili ndicho kilichotufunza.

Hodhi la ng'ombe, maji ya kijani,
unyoya mmoja ukielea, nyigu wakija na kuondoka.
Chujio limeziba kwa tope la siku nne.
Nikasema tulisukumie maji safi kinyumenyume kwanza, litapike.
Lakini maji safi yalikuwa vikombe viwili,
ndani ya cha tatu, ambacho uchafu haukigusi,
na Ramona alikuwa na kiu.
Akakibinya kwa viganja. Tone.
Akakibana katikati ya magoti, akakikamua
kama anayedai kodi ya miezi sita.

Hakikupasuka tumboni, ambako ungedhani.
Kilipasuka shingoni,
pale laini ilipogundishwa kwenye ngumu,
na maji ya ng'ombe yakamjaa usoni.

Ana matusi ya lugha mbili, huyu.
Hata moja halikutoka.
Maji mengine yalikuwa mbele yetu, kilomita thelathini na moja.

Miaka kumi na tisa nimetundika dripu.
Mfuko haubinywi, isipokuwa mtu anavuja damu
na saa imekwisha.
Siku nyingine zote unatundika,
unahesabu matone, unakaa kitini.
Mgonjwa anauliza, bado?
Unamjibu, bado.

Nikamtoa yule mzee wa plasta tatu,
nikamjaza nusu; kilema habebeshwi gunia zima.
Kikombe kimoja kati ya viwili nikakirudisha kwenye chujio
(Ramona akageuza uso asione kikimwagika),
likatapika rangi ya chai, kisha rangi ya mchanga, kisha weupe.
Kwa kamba ya kiatu changu
nikamtundika kwenye tawi lenye miiba.

Tone.
Tone.
Halafu uzi.

Lita nane, saa mbili unusu.
Kivuli kilihama, nasi tukahama nacho,
mimi na kiatu kisicho na kamba.
Ramona aliukodolea macho ule uzi
kama anavyoangalia kazi ya fundi mwingine,
akitafuta kosa.

"Bomba halipasuki katikati," akasema mwishowe.
"Hupasuka kwenye maungio. Nawaambia wateja kila wiki.
Nawatoza kwa kuwaambia."
Nikampa kikombe cha kwanza. Akakinywa bila kunitazama,
akaniletea cha pili.

Yule wa plasta alifika nasi hadi mjini,
akavujia kwenye meza ya mgahawa, juu ya bili.
Tukamtupa hapo hapo, bila hotuba.

Cha tatu kipo. Hatukikunji, tunakivingirisha.
Kinaning'inia jikoni kwake, mdomo chini, kikauke,
na chini ya tarehe yangu, kwa mwandiko wa fundi,
mkubwa, ulioinama kidogo kushoto,
kuna namba tu:
31.